Uvimbe Ulioutolea Ushuhuda

Mpendwa Baba Cherono,

Nakuandikia nikiwa bado nimekukasirikia, na usidhani kaburi litakuokoa. Hapa Keringet wanakutaja kwa sauti ya chini, eti marehemu alikuwa mtu wa imani. Mimi niliyekuvua viatu nakujua. Ulikuwa mtu wa kiburi, na nilikupenda hivyo hivyo.

Unakumbuka vile ilianza? Uliacha kusikia harufu. Maziwa yaliungua, nyumba ikajaa moshi, na wewe umekaa hapo hapo jikoni ukiuliza chakula kiko wapi. Halafu ukaanza matusi. Wewe, mzee wa kanisa, ulimwita Cherono, binti yetu wa pekee, ng'ombe mbele ya wageni. Dada zako wakasema nimekuwekea kitu kwa mursik, maziwa yako ya kibuyu. Hao sijawasamehe hadi leo.

Picha ya kichwa kule hospitali ya Nakuru ndiyo iliyonitoa aibu. Uvimbe, mkubwa kama kiazi cha mbegu, ulikuwa umekalia ubongo wa mbele, pale tabia ya mtu inapokaa. Ukapasuliwa, nyama ikapelekwa maabara, tukangoja majibu. Daktari, yule mama wa miwani, akatueleza kwamba uvimbe umetoka kwenye ngozi inayofunika ubongo, si kwenye ubongo wenyewe. Ni gredi ya kwanza, ule unaokua polepole. Si kansa.

Ulisimama kabla hajamaliza. Nikakuvuta koti ukae.

"Mzee, sikiza," akasema. "Kuna kipande kimeshikana na neva ya macho, sikuweza kukitoa. Kitakua tena. Fuvu ni mfupa, halipanuki. Hata kisicho kansa kikikosa nafasi humo kinaua. Lazima urudi tukuangalie."

"Umesema si kansa," ukamjibu. "Hayo mengine ni yako."

Jumapili ukatoa ushuhuda. Ukasema Mungu ameng'oa ugonjwa na mizizi yake, na mizizi ilikuwa hapo nyuma ya macho, tunaijua mimi na wewe. Ukachinja kondoo, kanisa likala. Hospitali ilipopiga simu ukakataa kwenda.

"Mtu akishatoa ushuhuda anarudije hospitali? Nitaambia watu nini?"

"Waambie kulibaki kipande."

"Mungu habakishi vipande."

Basi jicho la kulia likafa, kisha la kushoto. Ulikuwa unanishika mkono tukienda kanisani, na wamama wakatusifu vile tunapendana hata uzeeni. Siku moja ulisimama madhabahuni ukafungua Biblia juu chini, ukasoma zaburi kwa kichwa. Watu wakaangalia sakafu. Mchungaji akasema amina. Nilitamani kukupiga makofi, mzee mzima, mbele ya wote.

Ulikubali kurudi Nakuru siku miguu ilipokataa. Daktari hakukugombeza, alisema tu tumechelewa. Na hata hapo, ukiwa kitandani, uliniapisha.

"Kanisani usiseme. Sema nimeenda kwa ndugu yangu kule Olenguruone. Na Cherono usimwambie, huyo hawezi kufunga mdomo."

Nikaapa, kwa sababu ulikuwa unalia. Kila aliyepiga simu nikamwambia uko Olenguruone, unapumzika, unakula vizuri. Cherono alitaka kukuongelesha. Nikamwambia huko hakuna network.

Saa ya kuona wagonjwa wodi ilijaa watu na chupa za uji. Ukisikia viatu, unainua kichwa.

"Nani amekuja?"

"Ni wa kitanda cha pili."

"Mchungaji je?"

"Hajui uko hapa, Baba Cherono. Wewe ndiye ulikataa."

Jioni yako ya mwisho uliuliza tena, sauti imebaki kidogo, "Na Cherono?" Nikakujibu kwamba anajua uko Olenguruone. Ukageuza uso ukutani. Ningeweza kumwita hata saa ile, lakini kabla uji haujapoa ulikuwa umeenda.

Tulikuzika na ushuhuda wako ukasomwa upya, wote. Cherono alikuwa ameshajua ulifia Nakuru, si Olenguruone; nilipomshika mkono pale kaburini, aliutoa. Tangu hapo nikipiga simu hashiki.

Lala, mume wangu, kwa vile wewe umepata pa kulala. Soko lote linaniita kwa jina la huyu mtoto. Yeye mwenyewe haniiti kitu.

Ni mimi mkeo,
Mama Cherono