Chumvi ya Mama Mkwe Imenishinda Uzito

Mpendwa Shangazi Ortensia,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimejitia matatani mwenyewe na sijui nitokee wapi. Mimi ni mfamasia wa miaka arobaini na moja, majina ya watu nimeyageuza, na baada ya wiki tatu nitakimbia kilomita mia na ishirini za milimani, mbio ambazo nimezifanyia mazoezi miezi kumi na minne, kupanda na kushuka hadi kucha mbili za miguu zimeng'oka, nakueleza haya ili ujue kwamba mimi si mvivu.

Mama mkwe wangu, Delfina, ana ng'ombe thelathini na mmoja kwenye malisho ya juu, na mke wangu Noemi alikubali nitoweke kila Jumanne na Ijumaa nikimwachia mapacha wetu kwa sharti moja tu, kwamba kila nikipanda nimpelekee mama yake kilo tano za chumvi ya ng'ombe, "si unakwenda hukohuko," nami nikakubali kwa moyo mweupe, lakini Shangazi, mimi ni mtu niliyekata mpini wa mswaki na lebo zote za fulana ili nipunguze gramu, kilo tano kwangu ni tusi, kwa hiyo wiki ya pili nilipofika kwenye jiwe kubwa katikati ya njia nikatazama huku na huku, nikaimwaga chumvi yote nyuma ya jiwe, nikapanda mwepesi, na huko juu nikamwambia mama mkwe nimeshaiweka kwenye mawe ya ng'ombe kulambia chumvi. Nimefanya hivyo kiangazi kizima.

Ng'ombe nao wana pua. Malkia wa kundi, Falchetta, aliligundua jiwe langu, na malkia akienda wote wanamfuata, sasa kila saa ya kukamua ikifika kundi zima liko kwenye jiwe hilo, chini kabisa ya malisho, maziwa yamepungua, jibini hazijazi rafu, mtamba mmoja ameteleza akateguka mguu, na Falchetta ameshalijua begi langu, Jumanne alinikimbiza mteremko mzima, kocha wangu wa mbio akaangalia rekodi ya saa yangu akaniandikia, "Hatimaye umejifunza kushuka!"

Ningecheka, lakini Delfina anamlaumu Costel, mchunga ng'ombe wake. Jumapili tukila polenta, ugali wetu wa mahindi, alipiga meza.

"Huyu analala! Miaka kumi na moja namwamini, leo ananilalia kazini! Jumamosi aondoke!"

Costel alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Mama, silali," alisema. "Tangu alfajiri sijaketi. Sijui wanakwenda kutafuta nini."

Delfina akanigeukia. "Haya mkwe, wewe unapita njia hiyo kila wiki. Umewahi kumkuta macho?"

Nikajaza polenta mdomoni.

Nikisema ukweli, Noemi atanifutia mbio, na mama mkwe sijui atanifuta nini. Je, siwezi kungoja wiki hizi tatu ziishe, ndipo niseme? Au nimwandikie Delfina barua isiyo na jina?

Mkimbiaji, Bonde la Juu

*

Mwanangu Mkimbiaji,

Barua isiyo na jina! Mtu mzima, mwenye duka la dawa na watoto wawili! Nilicheka hadi mhariri akaja kuuliza kulikoni, halafu nikafika kwa Costel na kofia yake mlangoni, kicheko kikaniisha.

Kucha mbili si mchezo, pole. Najua pia mtu akishakitamani kitu miezi kumi na minne akili yake inakuwa nyembamba. Lakini unaniuliza kama unaweza kungoja wiki tatu, na jibu ni kwamba wewe unaweza, Costel ndiye hawezi. Katikati ya kiangazi kila kundi lina mtu wake, na nani atamchukua mchungaji aliyefukuzwa kwa kulala? Wewe unaogopa kukosa mbio. Yeye anapokonywa jina lake, na wewe ulikuwa mezani unatafuna.

Sasa sikiliza. Usipige simu. Mwambie Noemi kwanza, kabla hujafunga viatu, asije akasikia kwa mama yake. Kisha nunua chumvi kilo kumi, ndiyo, kumi, uibebe mgongoni mpaka juu. Mwombe Costel akae, wewe usimame, na umwambie Delfina mbele yake: "Mama, chumvi nilimwaga mimi. Costel hakulala." Usitaje gramu. Usimtaje kocha. Nyamaza, upokee chochote kitakachorushwa. Umwombe Costel msamaha kwa jina lake, kisha mteremke wawili mlizungushie lile jiwe waya, maana Falchetta haelewi msamaha.

Mbio mwachie Noemi aamue. Akikataa utakaa na mapacha, na hutakufa.

Jambo moja tu limebaki. Umegeuza majina, vizuri, lakini bonde letu ni dogo, na mama mkwe wako husoma ukurasa huu hata kabla ya matangazo ya vifo. Gazeti linatoka Alhamisi. Huko juu linafika Ijumaa saa nne asubuhi, na gari la jibini.

Wewe fika saa tatu.