Lenzi ya Milimita Mia Sita

Jumanne, 3 Machi
Mwewe ana makinda! Kiota kiko juu ya tangi la maji la jengo la jirani, usawa kabisa na kibanda changu cha kreni. Miaka minane napandisha vyuma angani, sijapata jirani kama huyu. Mchana nikapiga picha thelathini. Zote ukungu mtupu. Lenzi imechoka, nataka ndefu zaidi. Mke wangu kaona bei kwenye simu, akakaa chini. Mimi mwenyewe nilishtuka. Akauliza kama huyo ndege atatusaidia kodi ya nyumba.

Jumatano, 4 Machi
Dukani. Muuza kamera kanitolea lenzi mbili: ya milimita mia nne, nyepesi, na ya mia sita, nzito kama mtoto wa mwaka. Nikalenga bango la ng'ambo ya barabara. Zote mbili ukungu! Bei ile, halafu ukungu? Labda ni joto la lami. Kaniazima ile ndefu nikaijaribu kazini, kitambulisho kikabaki kwake.

Alhamisi, 5 Machi
Bure kabisa. Kila nikimlenga mwewe, katikati pana doa, kama mtu kapaka mafuta kioo. Nimefuta mara tatu. Mwisho nikabonyeza tu kwa hasira, hata sikuzitazama. Kesho narudisha, na huyo bwana atanisikia.

Ijumaa, 6 Machi
Hakubisha. Kazifungua picha kwenye kompyuta. Unyoya mmoja mmoja. Panya kwenye kucha, hadi sharubu zake! Nikasema si zangu. Akasema ni zangu, lenzi hii inashika fokasi yenyewe, si kama ile yangu ya kuzungusha kwa mkono. Halafu akaniambia nitazame kwa jicho la kushoto.

Bango likasomeka lote. Nikarudi la kulia: shimo katikati.

"Kaka, lenzi haina tatizo," akasema. "Kamwone daktari wa macho."

Akaichukua lenzi kabla sijaiangusha. Wiki jana nilishusha matofali nje ya alama, nikasingizia upepo. Upepo gani!

Jumamosi, 7 Machi
Daktari anasema jicho la kulia lilianza kufa zamani, la kushoto ndilo lililokuwa likilifichia aibu. Jicho moja halipimi umbali vizuri. Nikauliza kuhusu kreni. Naye akauliza:

"Chini anasimama nani?"

Anasimama shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ndiye anayenipa ishara za mikono. Nyumbani nimesema tu nimeghairi lenzi. Mke wangu kafurahi!

Jumapili, 8 Machi
Shemeji yuko sebuleni. Nimejifanya natafuta miwani ya jua, niko chumbani naandika, mlango wazi. Kesho tunapandisha vioo vya ghorofa ya kumi na mbili. Msimamizi alitaka kuleta mwendeshaji kutoka saiti nyingine, shemeji kakataa.

"Nimemwambia, kama si shemeji juu, mimi sisimami chini."

Mke wangu anacheka, anamwongezea chai. Nimefumba jicho la kushoto, nikamtazama kutoka hapa. Nimeona shati. Masikio yote mawili. Mkono kwenye kikombe.

Uso hapana.

Mungu wangu. Anauliza kwa mara ya pili, tuanze saa moja au saa mbili.