Mgongo wa Nesi na Gunia la Mpunga

Mpendwa Devota,

Hapa Viwanja Sitini hatujambo. Mjomba wako wa Sanje amemaliza kuvuna, na anayeandika haya ninayosema ni mdogo wako Neema. Tuliposikia kuwa picha ya mgongo wako imeonyesha mifupa mizima, sote tulishusha pumzi.

Umeuliza, nesi mwenzangu, niliwezaje kuinua wagonjwa miaka yote bila kuacha unesi. Mjukuu wangu, nilikaribia kuacha. Nilipokuwa kijana niliona kuomba msaada ni uvivu. Asubuhi moja niliinama kumgeuza mzee mmoja mnene, mkulima wa Mang'ula aliyevunjika mguu. Mgongo ukakaza, nikabaki nimeng'ang'ania kitanda.

"Nesi," akaniambia, "kwenu gunia la mpunga unajitwika mwenyewe?"

"Hapana, mzee. Naomba mtu anitwishe."

"Hata mpita njia?"

"Hata mpita njia."

"Basi mimi nimelizidi gunia. Mwite mwenzako kabla hujalazwa kitanda cha jirani!"

Nilicheka huku naumwa, nikamwita mwenzangu. Tulimgeuza kwa shuka, yeye upande huu, mimi ule, na mzee akawa mwepesi. Tangu hapo maumivu yalipungua, na nilistaafu nikitembea wima.

Usiache kazi kwanza. Kwenye zamu yako, kabla hujainama, mgeukie aliye karibu useme kama tunavyosema shambani: nitwishe. Neema anasema huko mjini watakucheka. Waache wacheke, mradi waje washike shuka.

Bibi yako akupendaye