Vioo vya Mashua ya Baba

Matogoro,
Songea.
16 Juni 2024

Mpendwa Dada Oliva,

Shikamoo dada. Habari za Bukoba, na goti linaendeleaje? Usinifiche kama ulivyonificha Pasaka. Sisi huku ni wazima. Baridi ya Juni imetushukia kutoka mlimani; wifi yako Lidwina anaenda kanisani na makoti mawili, na bado ananisema mimi ninayeota moto.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kundi letu la ukoo kwenye simu linasomwa na wote, akiwemo mdogo wetu Romanus, na habari hii inamhusu yeye.

Najua amekuomba ukubali mashua ya baba iuzwe. Mimi pia aliniomba. Sababu yake ni moja: vioo vya plastiki vya chumba cha nahodha vimekufa, haoni mbele, siku moja atagonga mwamba na abiria wake. Ili niamini, alinitumia kioo kimoja kwa basi kutoka Mbamba Bay. Kweli kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele.

Lakini mimi nikiambiwa kitu kimekufa huwa naomba kuiona maiti. Jua huunguza plastiki kwa upande wa nje. Hiki, ukungu wake mzito ulikuwa upande wa ndani, na nilipokiinua kwenye mwanga niliona mikwaruzo ya duara duara, ya mkono wa mtu. Nikajiambia: kimeharibiwa kusudi.

Nilikiosha kwa maji mengi na sabuni. Nikakisugua kwa msasa wa maji, kisha kwa msasa laini zaidi, nikamalizia na ile dawa ya kung'arishia taa za magari niliyonunua Majengo. Petroli sikuthubutu kuitumia, hupasua plastiki. Lidwina aliposimama upande wa pili niliona hadi kovu la kidevuni mwake.

Nikapanda basi na kioo changu bila kumwarifu mtu. Ufukweni nilimkuta Devota, mke wa Romanus, anasugua masufuria kwa mchanga na majivu. Katikati ya masufuria kilikuwepo kioo kingine cha mashua.

"Shikamoo shemeji! Mgeni asiyetoa taarifa hula ukoko."

"Marahaba. Nani kakuambia uoshe hicho kwa mchanga?"

"Nani aniambie? Kwani kwenu mnaoshea marashi? Kila Jumamosi navisugua, na kadiri ninavyosugua ndivyo vinavyonuna!"

Basi dada, mhalifu niliyemfuata safari nzima alikuwa bidii ya Devota. Nilipompa kile nilichokisafisha alikiweka usoni, akacheka, akaniita mganga.

Romanus alikuja, hakucheka. Mtu anayeogopa kugonga mwamba angeshukuru. Yeye alikitazama kioo kama mgeni aliyefika wakati wa chakula, akasema, "Hata hivyo, kaka, injini nayo imechoka."

Injini! Aliponipigia simu injini haikuwa hata na kikohozi. Nikamwuliza mnunuzi ni nani. Akasema ni mtu mzuri. Nikamwuliza tena, akaenda kufunga kamba ya mashua ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Huenda namkosea. Nimeshamkosea mwenye mchanga kabla sijamjua. Lakini baba alisema mashua haiuzwi mpaka sote watatu tukubali, na sasa limebaki neno lako, maana langu la kukataa Romanus ameshalisikia, ufuko mzima ukisikia.

Usikubali kabla hajakutajia jina la mnunuzi. Akikutajia, na likiwa jina la kutajika mchana, nitamwomba radhi mbele ya ukoo. Akianza kukusimulia injini, kata simu.

Msalimie shemeji Bartholomeo, mwambie ubishi wetu wa siasa haujaisha, nimeuahirisha tu. Mbusu Agape. Usipa, dagaa wa ziwa letu, uliomo kwenye kifurushi hiki umetoka kwa Devota. Ameapa haukuoshwa kwa mchanga. Mungu akutunze, akunyooshee na hilo goti.

Vioo vyote nimerudi navyo. Nimevisafisha, vinang'aa, viko chini ya kitanda chetu, na havitaliona ziwa mpaka nilisikie hilo jina.

Mdogo wako akupendaye hata anapogomba,
Beda