Majani ya Dirisha la Chicago

Chicago, 8 Februari 1998

Mdogo wangu Eduviges,

Kama kuna mtu wa kunishinda bahati katika jiji hili, basi bado yumo tumboni mwa mama yake. Ngoja nikueleze, ila salamu kwanza, nisije nikaonekana nimelelewa na mbuzi. Hamjambo? Goti la mama linasemaje na baridi hii? Kikohozi chako kimekuacha au mmeshafunga ndoa? Mimi mzima, nimenenepa, nakula kama padri.

Sasa sikia. Unalikumbuka lile kokwa la parachichi nililoondoka nalo ndani ya soksi, la mti wa mama? Limeota! Nimeliweka kwenye glasi ya maji, njiti za meno tatu ubavuni lisizame, dirishani juu ya kile chuma cha joto. Wale vijana wa Jalisco ninaoishi nao walijaribu ya kwao wakavuna ukungu. Mimi nina mti wa majani manane, mapana kama masikio ya punda wa marehemu baba. Nje theluji inafika magotini, ndani nina Michoacán ya nyumbani, yangu mwenyewe. Bi Halina, mwenye nyumba, mjane wa Kipolandi, hupanda ngazi zote zile kuja kuutazama. Mimi nadhani anatazama kingine, lakini tuyaache hayo.

Nimeshakaa na Wagiriki, Wachina, Wapolandi, watu wa kila rangi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba jani la mparachichi hutiwa kwenye maharage. Nikiwaambia wanadhani nawatania. Mkono wangu una baraka, Vige. Nikichomeka ufagio ardhini utatoa maua.

Mwambie mama mti wake umevuka mpaka na hakuna aliyeuuliza karatasi.

Kaka yako mwenye nyota,
Nabor


Loma Quebrada, 27 Februari 1998

Kaka Nabor,

Barua yako imetukuta Jumatano ya Majivu, bado tuna misalaba kwenye paji la uso. Tu wazima, Mungu anatuvumilia. Goti la mama linapiga kelele kuliko yeye. Kikohozi nimekiacha, sasa naumwa meno.

Nilikuwa nakuficha jambo tangu Krismasi. Mti wa mama haupo tena.

Unakijua kile kilima cha don Rutilio nyuma ya nyumba yetu. Amefyeka misonobari yote akapanda parachichi la kuuza nje, na juu akachimba bwawa la kumwagilia. Bwawa linavuja. Msimu mzima maji yalilala miguuni pa mti wetu, nawe unajua mparachichi haupendi kulowa miguu. Don Tranquilino, yule fundi wa miti, alikuja na kisu chake cha kubebeshea vijiti, akakwangua gome kila upande akitafuta mahali penye uhai. Kila alipokwangua palikuwa peusi. Tukaukata, tukachoma na mizizi ili ugonjwa usihamie kwenye miche. Mama alisimama ameuma ncha ya shali yake mpaka moshi ukaisha. Tangu hapo alikuwa hasemi. Alikula nikimwekea, nisipomwekea hakuuliza.

Ndipo ikaja barua yako. Nilipofika kwenye majani manane akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka, Nabor! Akajitanda shali, akashuka na goti lake hilo hadi dukani kwa doña Cuca, akatangazia foleni nzima ya watu waliokuja kununua tortilla za mahindi: "Mti wangu haujafa. Uko Chicago, kwa mwanangu."

Don Tranquilino alimweleza taratibu kwamba mti wa kokwa si lazima ufanane na mama yake. Akamjibu, "Na Nabor hafanani na mimi. Nimtupe?"

Anataka vijiti vya mti wako. Huku sasa kila mtu anabebesha, anapachika kijiti cha parachichi la kuuza juu ya shina la mti wetu wa kienyeji ili viote pamoja. Mama anataka kuwa wa kwanza kugeuza: wa kienyeji ukae juu. Mche mmoja ameshauhamishia kwenye kopo la rangi, una unene wa penseli, ndio kipimo cha kubebesha. Wenceslao, mume wa komadre wangu niliyembatizia mtoto, anashuka huku kutoka Chicago wakati wa Pasaka. Mpe vijiti viwili, uvifunge kwa gazeti bichi. Lazima tubebeshe kabla mvua hazijashika, maji yakiingia kwenye kidonda kijiti huoza.

Kaka, sijui kama unaelewa. Sasa hivi mama anaishi kwa ajili ya hicho kijiti.

Mdogo wako,
Eduviges


Chicago, 22 Machi 1998

Vige wangu,

Salamu nyingi, na mama mpe za kwake peke yake. Habari ya mti nimeisoma. Nilikaa ngazini kwenye baridi mpaka bi Halina akaja kuuliza kama nimefiwa. Mwambie don Rutilio nikirudi nitamnywesha lile bwawa kwa kijiko cha chai.

Sasa kuhusu vijiti. Wewe unajua, mtoto hakatwi mkono akiwa bado ananyonya. Mti wenyewe mwembamba, baridi ya huku inaua, nikiukata sasa ukafa mtanilaani nyote wawili. Acha unenepe kidogo. Huyo don Tranquilino haraka ya nini, amekuwa daktari wa kuzalisha?

Lakini mimi si mtu wa mikono mitupu. Wenceslao nimempa bahasha ya majani. Mama ayatie kwenye maharage ya Pasaka. Mwambie kila jani nimelibusu, asioshe sana.

Kazini wananipenda mpaka inachosha.

Kaka yako,
Nabor


Loma Quebrada, 26 Aprili 1998

Kaka Nabor,

Hatujambo, ukitutazama kwa nje. Wenceslao alifika salama, ananuka basi mpaka leo.

Jumapili ya Pasaka mama aliita majirani. Maharage yalikuwa tayari, na kikaango cha udongo kimeshika moto. Akatoa jani moja kwenye bahasha yako, akaliweka juu ya kikaango kama anavyofanya siku zote, litoe harufu kabla halijaingia chunguni. Tukasubiri. Unaijua harufu ile, ile tamu ya kiungo cha shamari, iliyokuwa ikitutoa kitandani tukiwa watoto. Jani likakunjamana, likawa kahawia, likaungua. Jikoni kukanuka moshi tu.

Akaweka la pili. Doña Cuca akaanza kuongelea bei ya nyanya.

Mama akasema, "Limesafiri mbali, limechoka." Akayatia chunguni yote, na watu wakala wakasifu. Don Tranquilino aliokota moja lililodondoka, akalifikicha, akalinusa, kisha akanitazama. Mimi nikatazama paka.

Sasa nisomee hapa kwa makini. Kule kijiji cha Las Joyas, kwenye uwanja wa kanisa dogo, kuna mparachichi ambao don Tranquilino aliubebesha zamani kwa kijiti cha mti wetu. Si mtoto wake, ni ule ule wenyewe. Nimeenda nikanusa: Nabor, nililia pale pale. Wanajenga ukumbi, na mafundi wataukata baada ya sikukuu ya San Isidro, katikati ya Mei. Nilitaka tuchukue vijiti siku ile ile. Don Tranquilino hakati bila neno la mwenye mti wa kwanza, ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na mwenye neno ni mama. Mama amekataa. Aliniambia, "Ukienda kuomba kijiti kwa watu wakati kaka yako anao, utakuwa umemwita mwongo mbele ya kijiji kizima. Mimi sitafanya hivyo."

Kwa hiyo anasubiri wa kwako. Mche uko kwenye kopo, kila asubuhi anaupima kwa vidole. Mti wa Las Joyas ukianguka, hakuna mwingine tena duniani.

Sikuulizi kwa hasira. Unao au hunao?

Mdogo wako,
Eduviges


Chicago, 12 Mei 1998

Vige,

Sijui salamu nizianzie wapi, hivyo pokea zote kwa pamoja.

Barua yako imefika leo. Nimehesabu, na jibu langu lingewakuta mmeshapoteza mti. Nikaenda kupiga simu dukani kwa doña Cuca. Mara ya kwanza aliposema "haloo" nikakata. Unapajua pale, ukisema neno linafika mtoni kabla hujashusha simu. Nikatembea hadi kona, nikarudi, nikapiga tena.

"Niitie Eduviges."

"Yuko shambani. Ni nani? Nabor! Jamani, ni Nabor wa mti! Sema na mimi, hapa foleni imejaa."

"Mwambie akakate vile vijiti vya Las Joyas. Leo."

"Nini? Simu inakwaruza! Paza sauti, mwanaume!"

Basi nikapaza. Watu wa barabarani hapa waligeuka. "Nabor hana mti! Mwambieni mama sina mti, atoe neno Las Joyas!"

Nilisikia hata tortilla zikigeuzwa. Kisha nikasikia mtu akipumua kwenye simu, na nikajua ni yeye kabla hajasema.

"Mimi hapa," akasema mama.

Mimi nikaanza kumsalimu.

"Ungesema Machi, ningeumia Machi," akasema. Kisha sauti yake ikaenda mbali, "Mkimbilieni Tranquilino, aje na kisu! Mwambieni nimetoa neno!" Aliacha simu inaning'inia. Nikasikia watu wakitoka, mlango, mbwa wa doña Cuca. Hakuniaga. Nilisimama pale mpaka simu ikakatika yenyewe.

Wewe ulikuwa shambani, utayasikia yakiwa yameongezwa chumvi. Kwa hiyo chukua ya kwangu, yasiyo na chumvi. Kokwa la mama lilioza. Nililiweka kichwa chini, Vige. Ncha chini, tako juu! Mimi mtoto wa milima ya maparachichi. Kwetu nani anafundishwa? Unatupa kokwa nyuma ya jiko, linajiotea. Likakaa kwenye maji likinuka, nami najisemea bado linafikiri. Bi Halina aliliona akacheka mpaka akashika ukuta. Lake, la parachichi la dukani, lilikuwa linachipua dirishani kwake. Majani manane ni yake. Niliyowapelekea ni yake, nilimwomba. Sikujua kama hayana harufu. Nilikuwa nimesahau kunusa.

Kijiti kikishika, niandikie. Kisiposhika, niandikie vilevile. Mama asipotaka jina langu litajwe, usilitaje.

Mimi si mtu wa bahati. Huku sijaotesha kitu chochote.

Kaka yako,
Nabor