Voliumu ya Basilisa

Karatu, Jumamosi, Julai 1985

Baridi kali. Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro tangu alfajiri, na hadi saa tano haukuwa umeinuka. Nimefanya kazi na blanketi begani kama mchunga ng'ombe.

Nina wivu. Nauandika wazi kwa sababu leo haukukaa moyoni, umetoka mpaka mkononi.

Tangu nimalize kidato cha nne na kurudi nyumbani, mwanzilishi wa kwaya yetu nimekuwa mimi. Mwanzilishi ndiye anayeimba mstari peke yake kabla wengine hawajaitikia. Mwezi wa kwanza akaja Basilisa kutoka Oldeani, kuhudumu katika zahanati. Mwezi wa tatu Mwalimu Bura, kiongozi wetu wa kwaya, akasema wimbo wa mavuno aanzishe Basilisa, tusikie ladha nyingine. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ili isijulikane.

Wimbo huo ndio tunaounasa kwenye kanda ya kuuza, na mimi nikapewa mashine. "Wewe una mpangilio," Mwalimu alisema. Ni kweli, ninao. Mashine ya misheni ya kunasia sauti ina njia nne. Ya kwanza tumeweka ngoma na kayamba, ya pili gitaa, ya tatu kwaya nzima, ya nne Basilisa peke yake. Kila njia ina kitufe chake cha kusukuma: ukikipandisha sauti inakua, ukikishusha inafifia. Kuchanganya ni kupanga hizo nne mpaka zisikike kama watu waliosimama pamoja, kisha kuzihamishia kwenye kanda ya kawaida. Kanda hiyo Jumatatu inakwenda Arusha kutolewa nakala.

Asubuhi nilianza vizuri. Gitaa nikaliweka chini ya kwaya. Ngoma nikaiacha isikike bila kugonga. Kisha nikafika njia ya nne, na sauti yake ikaingia kwenye hedifoni bila kupiga hodi. Ni sauti nzuri. Haijitahidi. Mimi nikipanda noti za juu nasikika kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. Yeye unamkuta tu yuko juu.

Nikashusha kidogo. Nikajiambia anaizidi kwaya. Nikashusha tena.

Kwaya nikaipandisha, maana mimi nimo humo.

Mwalimu ana desturi yake. Hakubali wimbo uliochanganywa mpaka ausikie ndani ya Landrova inayotembea. Wanunuzi wetu wengi ni madereva wa watalii, na yeye husema wimbo usiopenya kelele za injini ni wa kuimbia kabatini. Basi saa saba tukapanda gari la Damiano, anayepeleka wageni kreta. Mwalimu alikaa mbele, mimi na Basilisa nyuma, tukashika barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Mlima ulipoanza Damiano akarudi gia ya pili, injini ikanguruma. Ngoma ilisikika. Kwaya ilisikika. Basilisa akapotea kabisa.

"Jamani dada zangu," Damiano akasema, "huyu mwanzilishi mlimrekodi akiwa Loliondo?"

"Endesha gari wewe," Mwalimu akamwambia, lakini alikuwa anacheka.

"Si nauliza tu, Mwalimu! Naona mnamwitikia mtu ambaye hajafika."

Nami nikacheka. Basilisa hakucheka. Alikuwa amejikunja kwenye kona ya kiti, mikono ndani ya khanga.

"Sauti yangu ndiyo ndogo," akasema. "Nilikwambia mapema, Mwalimu. Mpe dada aanzishe, yeye amezoea."

Hakuna aliyeniuliza habari za mashine. Wote wananiamini. Mwalimu akasema basi, saa kumi nirekodi mimi, palepale kwenye njia ya nne.

Nilichokuwa nakitaka tangu mwezi wa tatu nimekipata bila hata kukiomba.

Ila njia moja haibebi waimbaji wawili wa nyakati mbili. Nikiimba mimi, yake inafutika, na hakuna mahali pengine ilipohifadhiwa.

Saa tisa nilikuwa kanisani peke yangu, jenereta likinguruma nje. Nilisimamisha maikrofoni. Nilijaribu koo, likaitika. Nikasema nimsikilize mara ya mwisho kabla sijamfuta, maana hata kufuta kuna utaratibu wake. Nikapandisha kitufe nusu ya nilivyokishusha. Moyo ukatulia, hata nikaanza kumsifu kichwani kama mtu mwema. Hapo nikajua bado najidanganya. Nikapandisha tena, polepole, wimbo ukirudiwa tangu mwanzo kila mara, mpaka mstari wa pili ukanichoma kifuani kama siku ile ya makofi.

Hapo ndipo nilipokiacha kitufe.

Nikahamishia upya kwenye kanda. Mwalimu alipofika nikamvisha hedifoni. Alisikiliza amefumba macho, kidole kikipiga goti.

"Kumbe mashine ndiyo ilikuwa na shida?"

"Ilikuwa na shida, Mwalimu. Imekwisha."

Tukaenda kuisikia kwenye gari. Safari hii Basilisa alisikika hata kwenye gia ya pili. Damiano akatikisa kichwa kwa kufuata mdundo, akaomba nakala ya kwanza iwe yake. Mwalimu akanishukuru kwa uvumilivu wangu, na neno hilo limenikaa vibaya hadi sasa ninapoandika.

Wivu upo palepale, sitajisifu kwamba umekwenda. Kesho wimbo ukipigwa nitauma meno.

Lakini kanda imetengenezeka, mtu bado. Basilisa hakuwepo jioni. Amerudi zahanati akiamini kwamba ana sauti ndogo, na asubuhi atasimama kwenye mstari wa nyuma, ninamjua. Nikimwambia ilikuwa mashine ataamini, maana ananiamini. Itakuwa rahisi mno.

Nitapita kwake kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Nitamwambia ulikuwa mkono wangu. Na akiniuliza kwa nini, nitamwambia hilo pia.