Simiyu wa Kishindo, Asianguke Mwingine

Mwaka umekwisha kuzunguka, Simiyu, tangu ile Jumapili mchana kule Manassas ulipoanguka nyuma ya ngoma zako na watu wakakupigia makofi. Walipiga makofi mtoto wetu akikata roho. Mama yako ametafuta neno la upole la kuanzia kumbukumbu hii, amelikosa, basi ameanza na hilo.

Wasiokujua waambiwe kwamba wewe ni kifungua mimba wa nyumba yetu, uliyetoka Kimilili, Kenya, ukiwa mdogo wa kushikwa mkono, ukakulia hapa Gaithersburg, Amerika, ukawa mpiga ngoma wa bendi ya roki iitwayo Kishindo. Bendi ya Wamarekani watupu, na wewe.

Mikono yako haikujua kutulia. Ulipiga meza, ulipiga sufuria, ulipiga kiti cha mbele cha gari mpaka anayeendesha akuombe msamaha. Baba yako alikuwa akicheka, "Mwacheni. Mkono usio na kazi huishia mfukoni mwa mtu." Mama yako alipotoka kazini kule kwenye nyumba ya wazee, mgongo umekatika kwa kuinua watu, ulimketisha kwenye kiti cha jikoni ukampiga mabega kwa ncha za vidole.

"Mathe, hapa pamekaza."

"Hapo hapo, baba. Teremka kidogo."

Mpaka leo hakuna dawa ya duka iliyofika pale vidole vyako vilipokuwa vinafika.

Mchana ulifanya kazi kwenye duka la matairi, ukarudi mweusi hadi kwenye kope, na bado ukambebea Bi Mwanamwema, yule mama wa Unguja wa ghorofa ya juu, mifuko yake ya mchele bila kuombwa. Alipenda kukuchokoza. "Mjukuu wangu, hizo nywele zako umezifuga za kusugulia masufuria?" Nawe kwa Kiswahili chako cha kuokoteza ukamjibu, "Bibi, lete sufuria." Siku ya msiba alikaa jikoni kwetu toka asubuhi, akapika chakula cha watu ambao hata hakuwajua majina.

Bendi yenu ilizaliwa kwenye gereji ya kina Craig, yule mwimbaji mwenye nywele nyekundu. Mama yako alikuja kukuchukua, akafungua mlango, ukuta ukamtetemekea. Akauliza, "Kishindo gani hiki, jamani?" Craig akataka kujua mama amesema nini, ukamweleza. Akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto: jina ndilo hilo! Hivyo neno la mama yako likachorwa kwenye ngoma kubwa kwa rangi nyeupe, na Wazungu wakalitamka walivyoweza.

Mlianza kwa kufukuzwa. Majirani waliita polisi. Kwenye mashindano ya shule mlishindwa na msichana aliyechezesha yoyo. Mkapata ukumbi mdogo huku, baa kule, mkanunua veni iliyokuwa ya muuza mazulia ambayo haikuisha harufu ya mazulia. Mkatoa kanda. Siku redio ya chuo ilipoipiga, dada yako Euphrasia aliongeza sauti mpaka sahani zikaanza kutembea kabatini. Mama yako hakuelewa Craig anapigia kelele nini. Ila nyuma ya kelele zote alisikia mkono wa mwanawe, ukishika mapigo kama mtu mzima, na moyo ukamjaa.

Mngeendelea hivyo tu! Mngepiga muziki wenu mkashuka mkala!

Lakini siku moja, mjini Columbia, kigoda chako kilivunjika katikati ya wimbo wa mwisho. Ukaenda chali na vijiti vyako. Ulikuwa unacheka, ukabaki umelala pale kwa kicheko, na ukumbi ukadhani ndivyo mlivyopanga. Wakaanza kupiga kelele, "Inuka! Inuka!" Ulipoinuka, paa lilitaka kung'oka. Craig akakuambia, na kesho tena. Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kazi yenu. Wimbo wa mwisho, mashine ya moshi inafunguliwa, Simiyu anaanguka, anakunja mikono kifuani kama maiti, watu wanaita mpaka sauti zikauke.

Euphrasia ndiye aliyetoboa siri. Mama yako akakuita.

"Unajilaza kama maiti mbele ya watu?"

"Ni shoo tu, mathe."

"Shoo gani? Kwetu mtu hajilazi hivyo. Hata watoto wakiucheza mchezo huo, kukhu wako huwainua kwa fimbo."

"Chill, mathe. Si huwa naamka?"

Hapa wasomaji waelewe vizuri, kwa sababu wako watakaosema ni ushirikina wa watu wa bara. Kukhu, yaani bibi yako aliyebaki Kimilili, haogopi mizimu. Anakataza kwa sababu ya akili: ukiwazoesha watu kwamba kulala kwako ni mchezo, siku utakayolala kweli atakuja nani? Mama yako alikuambia hivyo. Alikuambia ukiwa unafunga viatu, alikuambia ukiwa unakula, alimwambia na Craig mlangoni. Craig akatabasamu, akasema, "Usijali, Mama Simiyu, tunamwangalia."

Nawe mwenyewe ulikwisha kuchoka. Gazeti liliandika habari za Kishindo na halikutaja wimbo hata mmoja, liliandika kuanguka. Ulilitupa juu ya meza. "Hawasikilizi tena, mathe. Wanangoja nianguke tu." Ulimwambia Craig muache. Akasema ngoja kwanza mtu wa kampuni ya kurekodi aje aone, halafu tutaacha. Ngoja kwanza! Hilo neno mama yako hataki tena kulisikia nyumbani kwake.

Pumu ulizaliwa nayo. Majira ya maua yakianza huku, kifua chako kililia kama mlango mbovu. Asubuhi ya Jumapili ile kilikuwa kinalia. Mama yako alikisikia toka chumba cha pili.

"Leo hupandi popote, Simiyu."

"Leo mtu wa kampuni anakuja. Leo tu, mathe."

"Basi na mimi naenda."

Hakuwahi kwenda hata mara moja. Alikuja na nguo zake za kanisani, akaziba masikio kwa pamba, akasimama nyuma kati ya vijana waliojichora mikono. Ulipiga vizuri, baba. Lazima lisemwe. Ulipiga mpaka msichana mmoja akamshika mama yako bega, naye akamwambia, "Ni mtoto wangu huyo," na msichana akamkumbatia.

Ukaja wimbo wa mwisho. Moshi wa ile mashine ukafunguliwa, juu ya moshi wa sigara uliokuwapo tayari. Ukaanguka. Watu wakalipuka, "Inuka! Inuka!"

Mama yako ameinua wazee maisha yake yote hapa Amerika. Anajua kifua kinachopumzika na kifua kinachotafuta hewa. Hukukunja mikono. Mkono mmoja ulikuwa unakwaruza shati shingoni. Akang'oa pamba, akaanza kusukuma watu. Akaita kwa Kiingereza, akaita kwa Kiswahili, "Si mchezo! Mtoto hana pumzi!" Wakacheka, wakampisha huku wakimpigia makofi, wakidhani naye yumo kwenye shoo. Mlinzi wa jukwaa akamwekea mkono mbele: "Mama, rudi nyuma." Craig alikuwa amegeukia watu, amenyoosha mikono, anawaongoza kuita. Hakuona. Alikupa mgongo, Simiyu, na hakuona.

Mama yako alipopenya kwa mlinzi, midomo yako ilikuwa imeshabadilika rangi. Akakupapasa mifuko. Ile kaptura ya jukwaani haikuwa na mfuko. Pampu yako ya pumu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kwenye veni, veni nyuma ya ukumbi, na funguo za veni hakuna aliyejua ziko kwa nani. Ilipopatikana haikuwa na wa kuivuta. Gari la wagonjwa lilifika, wakafanya kazi yao, mama yako hawalaumu. Hewa ya dakika zile za kelele ndiyo uliyoihitaji, na dakika zile zililiwa na makofi.

Wazazi mnaosoma, watoto wenye pumu pampu ikae mfukoni, mwilini, isikae mkobani. Wenzao wote wajue ilipo na wajue kuitumia. Na mtoto akiwa na mchezo wa kujifanya anaanguka, anazimia, anakufa, mkomesheni, hata kama anachekesha. Hasa kama anachekesha.

Halafu wale wa kanisani. Wapo waliomjia mama yako na mikono mirefu ya pole, kisha wakanong'ona mlangoni kwamba ni shetani wa muziki ule amedai chake. Mmoja, ambaye hatutamtaja kwa vile ni mkubwa, alisema usoni pake: "Mama Simiyu, ulimwachia kijana ngoma za giza." Mama yako akamjibu, "Mzee, mwanangu aliuawa na kifua chake na watu wasiosikia. Ukianza kusema shetani, hakuna atakayenunua pampu." Yule mzee akatafuta kofia yake. Baba yako, ambaye hajui kugombana, alimfungulia mlango.

Sasa lililotufanya tuandike kwa uchungu badala ya kuweka picha yako na mstari wa Biblia kama wengine.

Kishindo imepata mkataba. Ndiyo, baba, ile kampuni uliyoingojea. Mtu wao alikuwapo siku ile, akarudi. Bendi ina CD sasa, ina basi badala ya veni, na ina mpiga ngoma mpya, kijana wa Manassas aitwaye Lonnie, mwembamba, mwenye adabu. Mwezi uliopita Craig alikuja kwetu. Alikaa kwenye sofa, akala mandazi, akazungukazunguka mpaka Euphrasia akamwambia aseme alilojia. Akasema Jumapili hii inayokuja wana shoo kubwa Columbia, ya kukukumbuka. Picha yako itaning'inizwa nyuma. Na kwenye wimbo wa mwisho, Lonnie ataanguka.

"Kwa heshima yake, Mama Simiyu."

"Heshima? Mtu aliyekufa maji mnamuenzi kwa kuzama?"

"Kampuni inataka. Mashabiki wanakuja kwa sababu ya hilo."

"Basi anguka wewe."

Craig akalirudisha andazi kwenye sahani.

"Kwa nini aanguke mpiga ngoma kila siku? Wewe ndiye mwenye bendi. Lala wewe, tukuite sisi."

Akasema hawezi, yeye lazima awaongoze watu kuita. Euphrasia alitoka sebuleni akabamiza mlango. Baba yako akauliza polepole, "Na huyo Lonnie, mama yake anajua?" Craig hakujua kama anajua. Hakuwahi kuuliza.

Mama yako hamchukii Craig. Hospitalini alilia mpaka akatapika, ameukumbatia ule mkoba wako kama mtoto. Ana uchungu wa kweli. Ila ana uchungu asiojifunza nao kitu, na huo mama yako hajui aufanyeje. Mtu akilia mwaka mzima, kisha akarudi kufungua moshi ule ule, unamwambia nini tena?

Alimwomba jambo moja: pigeni nyimbo zake zote, kisha msimame wima, mzime hiyo mashine, mwacheni Lonnie apige peke yake mpaka achoke ashuke kwa miguu yake. Craig akasema, "Nitafikiria." Tangu hapo simu zake anapokea mtu wa kampuni, anayesema Craig yuko njiani. Mama wa Lonnie tumemtafuta, hatujampata. Kama kuna anayemfahamu huko Manassas, ampelekee ukurasa huu na amsomee kwa Kiingereza.

Na Craig, Euphrasia atakutafsiria haya yote, kwa hiyo usije ukasema hukuambiwa. Jumapili mama yake Simiyu atakuwa Columbia. Hatakuja kulia, wala hatakuja na mabango. Atasimama mbele kabisa, karibu na ngazi, na baba Simiyu upande huu na Euphrasia upande ule. Lonnie akianguka, mama huyu hatamngoja mtu aite. Atapanda. Atapiga magoti mbele ya ukumbi mzima na kampuni yenu yote, amwekee sikio kifuani kijana yule. Akikuta anapumua atamshukuru Mungu, atamzaba kofi moja la mama, kisha atamshika mkono ateremke naye. Nanyi mtaumalizia wimbo wenu bila mpiga ngoma.

Wewe lala, Simiyu. Hukuacha deni na mtu. Wale mafundi wa duka la matairi bado wanapiga rimu kwa spana wakikutaja, na Bi Mwanamwema anasema mchele umekuwa mzito.

Tunaobaki nawe moyoni: baba yako Boniface, mama yako Rosemary, dada yako Euphrasia, kukhu wako Kimilili pamoja na wajomba na shangazi zako wote, na bibi yako wa ghorofa ya juu. Maadamu sisi tunapumua, jina lako halitatoka vinywani mwetu.